Kubadilisha mkanda wa juu wa buti za ski: kutoka velkro iliyochoka hadi mkanda wa lastiki

Mwezi wa Januari dada mmoja wa Mombasa, muuguzi katika mji huu wa Innsbruck ninapoishi, aliingia kwenye karakana ya duka la kukodisha vifaa vya ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ninapofanya kazi msimu wa baridi. Hakuja kukodi. Alikuwa na buti zake mwenyewe, za mitumba, alizozipata kwenye soko la vitu vilivyotumika linalofanyika kabla theluji haijaanza kuanguka.

"Kaka yangu, vidole vinakufa ganzi kabla sijafika nusu ya mteremko," alisema. "Halafu hapa mbele ya mguu pananiuma, hata usiku nikilala bado nasikia. Wameniambia buti si saizi yangu, ninunue nyingine."

"Pole sana, dada. Hebu zivae nione unavyofunga."

Akavaa. Bizimu mbili za chini alizibana hadi ngazi ya mwisho. Za juu alizifunga kwa wastani. Ule mkanda wa velkro (utepe wa vijindoano unaojibandika) ulio juu kabisa akaubandika, akapinda magoti mara moja tu, nao ukajibandua wenyewe. Sikuhitaji kuangalia zaidi. Saizi yake ilikuwa sawa kabisa. Mkanda wa juu ulikuwa umekufa, kwa hiyo mguu ulikuwa unacheza pale penye muundi; naye, kwa kuhisi buti imelegea, alikuwa anakaza mahali pekee penye bizimu zilizokubali kukazwa, yaani juu ya unyayo, ambako mishipa ya damu inapita karibu na ngozi. Tulibadilisha mikanda yote miwili kwa muda usiofika saa moja.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yeyote mwenye buti zake za ski na tatizo la namna hiyo. Kazi yenyewe si ngumu. Fundi baiskeli yeyote angeifanya bila kufundishwa. Kinachowakwamisha wengi ni kutojua mkanda ule una kazi gani, na ukae wapi.

Majina ya sehemu za buti

Lugha yetu haijavizoea sana vyombo vya theluji, ingawa Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia hapa Austria, ameshaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya msimu wa baridi ya Pyeongchang mwaka 2018. Basi tukubaliane kwanza. Ganda ni ile plastiki ngumu ya nje. Lina sehemu mbili: ya chini inayoushika unyayo, na ya juu inayouzunguka mguu juu ya kifundo, ambayo nitaiita kola. Ndani ya ganda kuna kiatu cha ndani, laini, kinachotoka chote ukikivuta. Mbele ya kiatu cha ndani kuna ulimi, unaolala juu ya muundi. Bizimu ni zile klipu za chuma. Buti nyingi zina nne, mbili za unyayo na mbili za mguu. Na juu ya bizimu zote, ukingoni mwa kola, kuna mkanda. Ndio huo.

Kwa nini mkanda wa juu una maana kubwa

Unapoteremka na ski huzigeuzi kwa vidole. Unasukuma muundi mbele, muundi unausukuma ulimi, ulimi unaisukuma kola, na kola inapeleka uzito wako kwenye ncha ya ski. Sehemu ya juu ya kola ndiyo iliyo mbali zaidi na kifundo, kwa hiyo ndiyo yenye nguvu kubwa, kama mpini mrefu wa jembe. Pakiwa na nafasi pale, hata ya kidole kimoja, kila mpindo wa goti unaanza kwa muundi kusafiri hewani kisha kuugonga ulimi. Kwa asubuhi moja muundi hugonga mara mamia. Maumivu ya yule dada yalitoka hapo.

Mkanda wa kawaida wa velkro una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, haunyumbuki: ukiinamia mbele ganda linapinda, ukirudi wima mkanda unabaki palepale na upenyo unajifungua. Pili, velkro yenyewe huchoka. Mswisi George de Mestral aliibuni baada ya kuzichunguza mbegu zenye vijindoano zilizomng'ang'ania mbwa wake, mbegu za tabia ileile ya kishonanguo wetu unaoganda kwenye kanga ukipita shambani. Vijindoano vile hushika kila kitu: nyuzi za soksi, manyoya ya glovu, barafu. Vikishajaa havina pa kushika tena.

Mkanda wa lastiki hufanya kazi tofauti. Mbele yake kuna kipande cha lastiki nene kinacholala juu ya ulimi, na hufungwa kwa bizimu ya kubana yenye meno, kama ya mkanda wa kufungia mizigo juu ya gari. Ukiinama unajivuta, ukirudi unaufuata mguu, na ulimi haupati nafasi ya kuachana na muundi. Ule ugumu wa ghafla wa plastiki hugeuka kuwa ugumu unaoongezeka taratibu. Anayeuhisi kwa mara ya kwanza hudhani amebadilishiwa buti.

Kabla hujatoa hela: je, tatizo ni mkanda kweli?

Hapa nakuomba usiwe na haraka. Mkanda haurekebishi buti kubwa kupita kiasi, na watu wengi sana huvaa buti kubwa.

Toa kiatu cha ndani kwenye ganda. Ingiza mguu mtupu ndani ya ganda, sogeza mbele hadi vidole viguse kwa shida, kisha pima nafasi iliyo nyuma ya kisigino. Ikiwa ni sentimita 1 hadi 2, saizi iko sawa. Ikizidi sentimita 2 na nusu, ganda ni kubwa, na hakuna mkanda utakaokuokoa; fedha yako iende kwenye buti nyingine. Saizi za buti za ski huandikwa kwa sentimita za urefu wa mguu, kwa hiyo 26.5 maana yake milimita 265. Simama ukutani upimwe kwa rula. Usitumie namba ya raba zako.

Angalia pia umri wa ganda. Plastiki ya buti huzeeka hata ikikaa stoo bila kuvaliwa. Ukiona nyufa ndogo karibu na bizimu au kwenye maungio ya kola, au plastiki inatoa vumbi ukiikwangua kwa kucha, buti hiyo usiitoboe wala usiivae. Nimeshaona ganda likipasuka vipande viwili kwenye maegesho, mtu hajafika hata kwenye kiti cha kupandia mlima, na nikashukuru kwamba lilipasukia pale.

Dalili za mkanda mbovu ni hizi: velkro inajibandua, muundi unauma sehemu moja ya mbele karibu na ukingo wa ulimi, na ukisimama wima baada ya kuinama unaweza kupenyeza kadi ya benki kati ya soksi na ulimi bila kizuizi. Ganzi ya vidole peke yake haithibitishi kitu. Lakini ikiandamana na hizo, kama kwa yule dada, huwa ni matokeo ya kukaza chini ili kufidia kulegea kwa juu.

Na soksi, tafadhali. Soksi moja, nyembamba, ndefu. Suruali ya ndani iishie juu ya buti, na ile lastiki iliyo ndani ya pindo la suruali ya ski ivishwe nje ya buti. Mkunjo wowote wa kitambaa kati ya muundi na ulimi huuma kama kokoto, na haujali mkanda wako ni wa bei gani.

Ujanja usiogharimu senti

Jaribu kwanza hivi na mkanda ulio nao. Kwa kawaida watu huuzungusha mkanda nje ya plastiki. Fungua kola, kisha uzungushe mkanda ndani, yaani ulale moja kwa moja juu ya ulimi wa kiatu cha ndani, chini ya mbawa za plastiki. Uvute, ubandike, ndipo ufunge bizimu za juu. Sasa mkanda unaushika ulimi wenyewe, na upenyo wa mbele unapungua sana.

Wanaokodi buti, iwe Alps au pale Ski Dubai ambako ndugu zetu wengi wa Ghuba ndiko walikoiona theluji kwa mara ya kwanza, waishie hapa. Buti ya kukodi si yako; usiitoboe, usiikate. Lakini kuupitisha mkanda ndani hakukatazwi na mtu.

Kama velkro yako imejaa uchafu tu, ichambue kwa sindano na mswaki wa zamani, nyuzi baada ya nyuzi. Nusu ya mikanda inayoletwa kwetu huamka kwa namna hiyo. Ikiwa baada ya hapo bado inajibandua, au inashika lakini muundi bado unagonga, endelea.

Kuchagua mkanda

Uliozoeleka zaidi unaitwa Booster, na huuzwa kwa viwango tofauti vya ugumu wa lastiki. Makampuni mengine nayo yana ya kwao, na baadhi ya buti mpya hutoka kiwandani zikiwa na mkanda wa aina hii. Jozi moja hugharimu makumi ya euro. Buti mpya ni mamia.

Ugumu uchague kwa uzito wako, na kwa namna unavyoteremka kweli, usifuate jinsi unavyotamani kuteremka. Mtu mwepesi, anayejifunza, au mwenye muundi unaouma achukue laini. Mtu mzito, au anayekwenda kasi kwenye miteremko mikali, achukue wa kati. Ule mgumu kabisa ni wa wanamashindano; kwa mtu wa kawaida hurudisha tatizo lilelile la velkro, kwa kuwa lastiki haivutiki kwa nguvu alizo nazo. Ile namba ya ugumu iliyochorwa kwenye buti yako, 80, 100 au 120, isikuongoze sana: hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, kwa hiyo 100 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko 90 ya yule.

Watoto usiwafungie mikanda migumu. Buti zao ni laini kwa makusudi.

Unaweza pia kuutengeneza mwenyewe. Utahitaji utepe wa nailoni wa begi wenye upana wa milimita 40 hivi, lastiki nene ya upana huohuo yenye urefu wa sentimita 12 hadi 15 kwa kila mguu, na bizimu ya kubana. Mpe fundi cherehani mwenye mashine ya kushonea mabegi. Mwambie mshono uwe wa kisanduku chenye msalaba ndani, kwa uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza kwa unyevu. Binafsi napendelea wa dukani kwa sababu ya bizimu yake tu. Lastiki ya fundi mzuri haina kasoro.

Vifaa vya kazi

Alenki, ule ufunguo wenye umbo la L na ncha ya pembe sita: mara nyingi wa milimita 4, ila uwe na wa 3 na wa 5 karibu. Bisibisi. Koleo. Kalamu ya kuchorea isiyofutika. Msumari na kiberiti cha gesi, au kichomeo cha kulehemu waya. Futi ya cherehani. Ikiwa mkanda wako umefungwa kwa ribiti, ongeza keekee ya umeme yenye biti za milimita 3 na 5, na miwani ya kukinga macho. Skrubu za milimita 5 pamoja na nati pana zilizo bapa huuzwa kwenye maduka ya ski. Ukikosa, tafuta nati yenye kichwa kipana kisicho na ncha.

Hatua ya 1: Pasha buti joto

Plastiki baridi haina huruma. Lete buti sebuleni tangu jana yake. Fungua bizimu zote, tanua kola, kisha shika kiatu cha ndani kwa nyuma na ukivute juu. Usiutumie ulimi kama mpini. Ni rahisi kuung'oa mshono.

Kiatu cha ndani lazima kitoke kabla ya kazi yoyote ya keekee. Narudia kwa sababu nimeona kiatu cha ndani kilichotobolewa hadi upande wa pili, na hakuna namna nzuri ya kukiziba.

Hatua ya 2: Piga picha na upime

Piga picha za nyuma na za pande zote mbili. Kisha pima upana wa mkanda wa zamani, umbali kati ya tundu na tundu, na urefu kutoka ukingo wa juu wa kola hadi katikati ya skrubu. Andika kwenye karatasi. Kwa kalamu, weka alama ya katikati kabisa ya mgongo wa kola.

Hatua ya 3: Toa mkanda wa zamani

Tafuta kilichoushika. Kwa kawaida ni skrubu moja au mbili nyuma ya kola, karibu na ukingo wa juu, au pande mbili za nyuma. Sasa angalia vizuri: chini zaidi, kwenye uti wa mgongo wa buti, pale kola inapokutana na ganda la chini, kuna bolti nyingine moja au mbili. Hizo si za mkanda. Zinaunganisha kola na ganda na kuamua ugumu wa buti. Usiziguse.

Kama ni skrubu, ishike nati kwa ndani isizunguke, fungua kwa nje. Skrubu ikigoma, ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja. Gundi ya kiwandani hulegea.

Kama ni ribiti, vaa miwani. Gonga alama ndogo katikati ya kichwa cha ribiti kwa msumari ili biti isiteleze. Anza na biti ya milimita 3, kisha 5, kwa mwendo wa polepole. Ukienda kasi, chuma kinachemka na plastiki inayeyuka na kuacha tundu la duaradufu. Kazi yako ni kukata kichwa tu. Kikikatika, sukuma mwili wa ribiti utoke kwa msumari. Ikianza kuzunguka pamoja na biti, ibane kwa koleo upande wa ndani.

Toa mabaki yote ya chuma. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha pitisha kidole ndani ya kola yote. Unga wa chuma ukibaki utaingia kwenye soksi yako.

Hatua ya 4: Tafuta katikati ya lastiki

Hapa usikimbie. Sehemu hii ndiyo inayoamua kama mkanda utafanya kazi au utakuwa pambo.

Rudisha kiatu cha ndani kwa muda, vaa buti na soksi yako ya ski, funga bizimu za juu kwa wastani. Zungusha mkanda mpya kwa mkono, bila kuufunga kwa skrubu, ndani ya plastiki na juu ya ulimi. Mambo matatu yatimie kwa pamoja. Lastiki iwe mbele, katikati ya muundi, isiwe ubavuni. Bizimu ya kubana iangukie upande wa nje wa mguu, kwa buti ya kulia na ya kushoto pia, kwa sababu ikikaa ndani itagongana na buti ya pili na siku moja itanasa. Na ncha ya kuvutia iwe ndefu kiasi cha kushikwa na mkono wenye glovu, bila kuning'inia hadi bizimu ya chini.

Ikishakaa hivyo, mwombe mwenzako aweke alama kwenye mkanda pale unapopita juu ya matundu ya kola. Ukiinama mwenyewe kuweka alama, mguu unabadilika na alama inapotea njia.

Urefu nao una maana. Mkanda ulale ukingoni mwa ulimi wa kiatu cha ndani bila kuuvuka. Ukipanda juu ya ulimi utakata ngozi. Ukishuka sana utakutana na bizimu ya juu na kukosa nafasi ya kunyumbuka.

Hatua ya 5: Toboa mkanda kwa moto

Usitumie keekee kwenye utepe wa nailoni. Biti husokota nyuzi na kuzichana. Shika msumari kwa koleo, upashe hadi uwe mwekundu, uchomeke kwenye alama. Nailoni inayeyuka na kujifunga yenyewe kuzunguka tundu. Fanya hivi dirisha likiwa wazi, moshi wake si wa kuvuta. Tundu liwe dogo kidogo kuliko skrubu. Ukipunguza urefu wa mkanda, choma na ncha pia, isije ikafumuka. Lastiki yenyewe usiitoboe kabisa. Matundu yote yawe kwenye utepe.

Ikiwa mkanda ulionunua umekuja na matundu yake na yanalingana na ya kola, umeepuka hatua hii. Yasipolingana, ni afadhali kutoboa mkanda upya kuliko kutoboa kola. Tundu jipya kwenye plastiki ni la milele, na linaweza kukunyima dhamana ya buti.

Hatua ya 6: Funga

Nati pana iingie kwa ndani ya kola, uso wake bapa ukitazama mguu. Skrubu iingie kutoka nje, na mpangilio kuanzia ndani uwe: nati, halafu kola, halafu mkanda, halafu washa pana, halafu kichwa cha skrubu. Washa huzuia kichwa kisipenye kwenye utepe. Weka tone moja la gundi ya skrubu kwenye nyuzi zake, lisimwagikie plastiki, maana baadhi ya gundi hizo huipasua. Kaza kwa mkono hadi mkanda usizunguke, kisha robo mzunguko. Basi.

Pitisha kidole ndani. Ukihisi ncha ya skrubu imejitokeza kuizidi nati, itoe, ikate au tumia fupi zaidi, lainisha kwa tupa. Mwanzoni mwa kazi hii niliacha ncha ya milimita moja tu kwenye buti zangu mwenyewe, nikidhani kiatu cha ndani kitaimeza. Kwa siku mbili ilikuwa imetoboa kitambaa na kunichubua shavu la mguu.

Hatua ya 7: Jifunze kufunga upya

Mazoea ya zamani yatakuponza hapa, kwa hiyo fuata mpangilio huu mara chache hadi mkono uzoee.

Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kikae nyuma kabisa. Nyosha ulimi, uwe katikati, soksi isiwe na mkunjo. Zungusha mkanda juu ya ulimi na uuvute kidogo tu. Funga bizimu mbili za juu kwa wastani. Sasa inama mbele mara kadhaa kwa nguvu. Kisigino kitazama zaidi, nawe utaona bizimu za juu zinakubali ngazi moja ya ziada. Baada ya hapo ndipo uvute mkanda, hadi lastiki ifikie nusu ya uwezo wake wa kuvutika. Ukiivuta hadi mwisho, haina tena cha kunyumbuka na umejirudishia velkro.

Bizimu za chini zije mwisho, na ziguse tu. Ziko pale kuziba plastiki, si kuukamata mguu. Yule dada alipofika hapa alinitazama kwa mashaka: "Nisikaze hata kidogo?" Nikamwambia, "Kaza mpaka usikie zimefika, usipite hapo." Kama ngazi moja ni legevu na inayofuata inabana, zungusha kile kijichuma cha bizimu chenye nyuzi: kila mzunguko hurefusha au kufupisha kwa takribani milimita moja.

Hatua ya 8: Jaribu nyumbani, kisha mlimani

Vaa buti zote mbili kwa dakika 20 ndani ya nyumba, juu ya zulia, usiharibu sakafu ya watu. Inama, simama, inama. Ile kadi ya benki sasa ishikwe hata ukiwa wima. Kisigino kisinyanyuke. Vidole viguse mbele ukisimama, viachie ukiinama. Ukisikia moto au mchomo sehemu moja, vua uangalie ngozi. Alama nyekundu itakuonyesha pa kusogeza.

Siku ya kwanza mlimani anza na mteremko wa bluu, ule rahisi, hata kama wewe ni mzoefu. Buti itajibu mapema kuliko ulivyozoea, na goti linahitaji mizunguko kadhaa kulielewa hilo. Baada ya mshuko wa kwanza vuta mkanda tena, kwa sababu kiatu cha ndani kimeshapata joto na kujibana. Ukikaa kwenye kiti cha kupandia, uachie, damu ipite. Huu ndio uzuri wa bizimu ya kubana: unaachia na kukaza kwa mkono mmoja, glovu ikiwa mkononi.

Jambo moja kuhusu usalama, kwani huulizwa mara kwa mara: mkanda hauhusiani na kile kibano kinachoiachia ski ukianguka. Kibano hupimwa kwa uzito wako, kimo, umri, uwezo na urefu wa soli ya buti. Ukibadilisha mkanda vipimo havibadiliki. Ukibadilisha soli au buti yenyewe, rudi dukani kikapimwe upya.

Mambo yakienda kombo

Shavu la mguu linabanwa nyuma. Kwa wanawake wengi misuli ya shavu hushuka chini zaidi, na kola huikuta mapema. Usilegeze mkanda ukaishia hapo. Kwenye buti nyingi zile ngazi za bizimu za juu zimefungwa kwa skrubu na kuna tundu la akiba la kuzisogeza. Zisogeze nje, kola itatanuka, na mkanda utabaki kwenye kazi yake ya kuushika ulimi.

Muundi bado unauma baada ya siku mbili au tatu. Hakikisha mkanda uko ndani ya plastiki na haukurudi nje kwa mazoea. Ukiwa ndani na bado pauma, kiatu cha ndani huenda kimelala, sponji yake imeisha. Hilo ni la fundi wa buti mwenye tanuri na pedi, wala si la alenki.

Mkanda unateleza na kujilegeza. Barafu imeingia kwenye meno ya bizimu. Gonga kwa ncha ya fimbo yako ya ski, itoke.

Utunzaji

Ukitoka mlimani, kausha kiatu cha ndani mahali pa joto la kawaida, mbali na hita. Lastiki ikichomwa na joto kali hukakamaa na kupoteza uhai. Zifunge bizimu kwa ngazi ya kwanza ili ganda lisipoteze umbo, lakini mkanda uache umelegea. Katikati ya msimu pitisha alenki kwenye skrubu zote. Lastiki ikianza kuonyesha vijiuzi vyeupe vilivyokatika ukingoni, au ukiivuta hairudi urefu wake, badilisha kipande hicho. Utepe na bizimu bado vitafaa.

Mikanda ya zamani na skrubu zake zitie kwenye mfuko mmoja, andika aina ya buti na saizi, uhifadhi. Ukiziuza buti siku moja, kuna mnunuzi atakayeitaka velkro yake, nawe utaifungua mikanda yako na kuihamishia kwenye buti zinazofuata.